Ndugu wa Kunyonya

Bertrams, Johannesburg
4 Februari 2024

Kwa dada yangu Mwanaasha,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua hukai. Magoti je? Ile dawa ya kuchua niliyompa Vuai wa mabasi akuletee umeitumia, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku tunajikongoja. Fahad bado anauza kwenye spaza, kile kiduka cha yule Msomali kule Soweto, anatoka alfajiri anarudi magharibi. Miye na sambusa zangu Newtown, wateja wa maana ni wa Jumamosi tu. Angélique, jirani yangu Mkongo mwenye saluni, anakusalimu sana. Anasema karafuu zako zilituliza jino lake kuliko daktari.

Utashangaa kwa nini naandika kwa mkono na simu ninayo. Simu yangu kutwa iko mikononi mwa Bushra, na kila ujumbe anausoma yeye kwanza. Mwandiko wangu huu wa darasa la nne hauwezi, anasema ni nyayo za kuku. Basi nikimpa Vuai barua, najua itakufikia wewe peke yako, hata kama basi litachukua wiki mbili tatu.

Dada, Bushra anaumwa.

Ilianza na ufizi. Akipiga mswaki anatema mekundu. Nikadhani mswaki mgumu, nikamnunulia mwingine. Halafu yakaja madoa mapajani, ya buluu, kama ya mtu aliyepigwa. Nikamuuliza ni nani anayekupiga huko shule, akacheka, "Mama, hakuna." Nikamwambia usinifiche. Nilimgombeza mtoto bure. Mwezi wa kumi na mbili akaanguka bafuni, na damu ya puani haikukatika mpaka tukafika hospitali.

Wamempima kila kitu. Daktari amenieleza, Bushra akiwa katikati ananitafsiria ugonjwa wake mwenyewe. Anasema ndani ya mifupa mna uboho, na huo uboho ndio jiko la damu. Jiko la Bushra limezimika. Sasa anaishi kwa damu za watu. Kila wiki anatundikiwa mfuko mwekundu, na mwingine wa njano kama mafuta ya alizeti. Watu wenyewe hatuwajui, walikaa mahali wakanyoosha mkono wakaenda zao.

Lakini mifuko haiwashi jiko. Dawa yenyewe ni apewe uboho wa mtu mwingine, unaofanana na wake, na wa kwanza kutafutwa ni ndugu. Fahad wamempima. Hakufanana hata kidogo. Mtoto yule alitoka mle ndani akasimama kwenye ngazi anakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Miye nafanana nusu. Kila mama ni nusu, wanasema, nusu nyingine ni ya baba, na Mahmoud yuko kaburini mwaka wa sita huu. Nusu inaweza kutumika ikibidi, ila ni kazi ngumu na ya hatari zaidi, kwanza atafutwe aliye kamili.

Ndipo Bushra akamwambia daktari, "Nina kaka mwingine, yuko Tanga." Daktari akauliza kama ni mtoto wa mama huyuhuyu. Bushra akanigeukia, "Mama, Karimu si mwanao?" Nikasema ni mwanangu.

Ningesemaje, dada? Ulipolala na homa ya uzazi siku arobaini na maziwa yako yakakauka, nilimweka Karimu kushoto na Fahad kulia, na wote wawili nikawaachisha siku moja. Bushra hawezi kuolewa na Karimu hata dunia ipinduke, sheikh yeyote atakwambia. Na kama kinachotakiwa kiko ndani ya mfupa, mifupa ya Karimu si imejengwa na maziwa yangu? Daktari aliandika kwenye fomu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Mlete Karimu. Najua ni mmoja, najua huna mwingine. Atakaa kwangu, atakula chakula cha mkono wangu. Mlete upesi, dada.

Usiwaambie wa mtaani.

Mdogo wako,
Zubeda


Ngamiani, Tanga
3 Machi 2024

Mdogo wangu Zubeda,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata kwa Vuai, ilikuwa imekunjwa ndani ya kiatu chake kipya, hata inanuka ngozi. Nimesikitika, mdogo wangu. Nimemsomea Bushra Yasini usiku huohuo na ile ya pili nitasoma Ijumaa.

Huku hatujambo. Magoti ni yaleyale. Mvua imetoboa bati la jikoni, tumetega ndoo. Binti wa Bi Mayasa ameolewa, biriani ikaungua, wageni wakala tu, watu wa siku hizi hawana haya. Karimu yuko gereji, amenenepa kidogo. Mbuzi yule mweupe amezaa pacha.

Kuhusu safari. Pasi ya Karimu, ile aliyoikata mwaka juzi akitaka kwenda Msumbiji, ina matatizo. Tunafuatilia. Mambo ya ofisi unayajua, njoo kesho, njoo Jumatatu. Usihesabu siku.

Halafu nikuulize, maana wewe uko huko karibu. Ni kweli wanachoma sindano kwenye uti wa mgongo? Bi Mayasa anasema kuna kijana alichomwa hivyo, miguu ikafa, na habari za watoto ikawa basi. Sisemi kitu, nauliza. Nilimzaa huyo mmoja nikafungwa kizazi palepale kitandani, na wewe ndiye uliyenishika mkono.

Mpe Bushra maji ya rozera, yanaongeza damu.

Dada yako,
Mwanaasha


Bertrams
24 Machi 2024

Dada Mwanaasha,

Ramadhani karim. Natumai mnafunga kwa afya na mbuzi pacha wanakua. Sisi tunafunga watatu, yaani miye, Fahad, na Angélique anayejisingizia kuwa amefunga ili aje kufuturu. Bushra amekatazwa. Jana aliiba tende moja kabla ya adhana, nikamwambia huna swaumu wewe, unaiba nini? Akasema, "Nataka niionje kwa uhalifu." Hivyo ndivyo alivyo, dada. Nywele ninamsuka taratibu, maana kichwa nikikikaza kinavilia damu.

Nimeuliza yote uliyouliza. Uti wa mgongo hauguswi. Njia moja, kijana analazwa usingizi wa dawa, wanavuta kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, siku chache anaumwa kama aliyeanguka, kisha basi. Njia ya pili, ambayo ndiyo wanayoitumia zaidi, anachomwa sindano siku chache, halafu damu inatoka mkono huu, inapita kwenye mashine, inarudi mkono wa pili. Yeye amekaa anaangalia mpira. Uboho unajirudia wenyewe. Habari za watoto haziguswi. Nimeuliza mara mbili, daktari mpaka akanishika bega.

Lakini kwanza ni kupima tu, dada. Kupima tu.

Daktari anasema kuna daftari la watu wa nje, watu wasio ndugu waliojiandikisha kutoa, na wanaweza kumtafutia Bushra humo. Hawajaanza. Wanamngoja Karimu, kwa sababu ndugu ndiye bora. Wiki ya saba hii. Kila nikiingia wodini Bushra ananiuliza, "Bhuti Karimu ameshapanda basi?" Bhuti ndiyo kaka kwa watoto wa huku. Namjibu pasi bado. Jana hakuuliza.

Pasi ina matatizo gani? Niambie jina la ofisa anayeishughulikia nimwombe Vuai amfuate, anajua watu.

Zubeda


Ngamiani, Tanga
18 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Barua hii anayo Karimu mwenyewe mfukoni, kwa hiyo ukiisoma yuko mbele yako. Mtazame vizuri uone nimekutunzia.

Idi ilikuwa njema. Pasi imepatikana. Usiniulize ilikuwa wapi.

Amechukua ndizi kavu na kile kisu chako cha kubandulia nazi ulichokisahau. Hanywi maziwa asubuhi, yanamsokota tumbo. Wakitaka kumtoa chochote, hata tone, unijulishe kabla. Umesikia? Kabla. Nimemwapisha na yeye.

Mwanaasha


Bertrams
26 Mei 2024

Dada yangu,

Salamu nyingi. Karimu ni mzima, anakula, anamsaidia Fahad dukani Jumapili. Watu wa mtaa wanadhani yeye na Fahad ni pacha, wanasema, eish, mama, huyu mwingine ulimficha wapi? Siku aliyofika alikwenda moja kwa moja wodini na begi mgongoni. Bushra alimshika uso kwa mikono miwili akasema kwa Kiswahili, maneno yote mazima, "Umechelewa, kaka." Kisha wakacheka. Nilikuwa sijamsikia akisema Kiswahili kirefu hivyo tangu baba yake afe.

Nakaa nazunguka, dada. Niandike tu.

Karimu hakufanana.

Majibu yalipotoka daktari akawa anageuza karatasi. Akatoka. Akarudi na dada mmoja, Thérèse, muuguzi, Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi kwenye lile daftari la watu wa kujitolea. Thérèse akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Akaniuliza kwa Kiswahili chao, "Mama Fahad, huyu Karimu, ulimuzala weye?"

Dada, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo. Nikasema hapana, nilimnyonyesha. Alimzaa dada yangu.

Thérèse hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinieleza kuwa maziwa hujenga mfupa ukawa mrefu na mgumu, lakini alama iliyomo ndani ya uboho mtu huja nayo kutoka kwa waliomzaa, hata akinyonya kwa malkia. Binamu anaweza kufanana, ila mara chache sana, karibu sawa na mtu wa nje. Nikamuuliza, basi tangu mwezi wa pili mnamngoja Karimu kwa sababu ya neno langu? Akasema, "Tulidhani ni wa tumbo moja, mama." Bushra alikuwa kitandani anasikiliza yote. Akasema, "Na mimi nilisema, si mama peke yake." Mtoto wa miaka kumi na sita, anagawana nami kosa kama mkate.

Sasa ndiyo wameanza kutafuta nje. Na nje, dada, hatumo. Thérèse anasema alama hizi huenda kwa ukoo na asili. Wazungu wamejiandikisha wengi, wakitafuta hupata mwenzao upesi. Watu weusi ni wachache, na waliotoka pwani yetu, au Kongo, ni wa kuhesabu kwa vidole. Bushra anatafuta sura yake kwenye umati ambao watu wake hawakwenda.

Nikasema nitakwenda kuwaita. Ningefanya nini kingine?

Thérèse alikuja saluni kwa Angélique Jumapili, baada ya misa, na vijiti vyake vya pamba. Kazi yenyewe ni kusugua pamba ndani ya shavu, basi. Walikaa wanaangaliana. Wa kwanza kusema ni Marcellin, askari wa ulinzi wa lile ghala la kona, kichwa chake nusu kimenyolewa. "Mama Fahad, ile mate yangu mutaipeleka wapi? Hapa Joburg wanaiba figo, wanaiba na kivuli."

Angélique hata hakugeuka. "Weye Marcellin, chupa moja ya bia unakunywaka na watu tano. Hiyo mate haukuulizaka inaenda wapi."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Marcellin akasema, "Basi nisugue, lakini mukiniroga, bibi yangu atawatafuta." Akafumbua kinywa na nusu ya nywele zake. Baada yake akaja Arlène binti wa Angélique, halafu mshonaji wa ghorofa ya pili, halafu wakapanga mstari. Wa msikitini kwetu walikuwa wagumu zaidi. Mmoja aliniambia mwili ni amana ya Mungu, haugawiwi. Nikamwambia na huyu mtoto je, si amana? Hakuja. Sheikh mwenyewe alikuja, akasugua mbele ya watu, wakaja wanne. Jumla kumi na wanane. Miye walinikataa, umri umepita.

Karimu naye amesugua, jina lake limo daftarini. Nakujulisha kama ulivyoniapisha, ila nimechelewa siku mbili. Alisema, "Mama, kama si Bushra, atakuwa mwingine." Damu ya kawaida pia ametoa na Fahad, chupa moja moja, wako wazima.

Majibu ya watu wa nje bado. Daktari anasema wakikosa mpaka mwezi ujao, wataniandaa miye na nusu yangu.

Nakuuliza tena lile ulilonikataza. Pasi ilikuwa wapi?

Zubeda


Ngamiani, Tanga
30 Juni 2024

Mdogo wangu Zubeda,

Nimeanza barua hii mara tatu. Bati tumeziba. Mbuzi mmoja kafa.

Pasi ilikuwa ndani ya mto. Ule mto wangu wa usufi, wa foronya ya maua. Siku ileile niliyoipata barua yako niliuchana, nikaitia, nikaushona. Haikuwa na tatizo lolote, ilikuwa imebaki miaka mingi. Niliilalia wiki sita, Zubeda. Kila nikilaza kichwa naisikia sikioni, ngumu kama kibao. Nikasema moyoni watapata mwingine, hospitali za huko kubwa, hawakosi. Nilikuandikia mambo ya biriani na pasi iko chini ya shingo yangu.

Kabla ya Idi Karimu alitoa mito kuianika juani. Alipoubeba wangu akasimama. Alikwenda kuchukua wembe.

Angekuja mwezi wa tatu, ungejua mwezi wa tatu kuwa hafai, na daftari lingefunguliwa. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe, huna haja ya kunifanyia. Wewe ulikosea kwa sababu ulimwita mwanangu mwanao. Miye nilikosea kwa sababu nilikumbuka kuwa si wako.

Nimempa Vuai khanga kwa ajili ya Bushra, ya zambarau, najua anapenda. Akipona ajifunge tuone. Mwambie mama mkubwa anakuja kumwona. Nimeanza kuulizia nauli na pasi yangu.

Nisamehe, au nitukane, lakini niandikie.

Mwanaasha


Bertrams
25 Agosti 2024

Dada Mwanaasha,

Salamu. Habari zote unazijua kwa simu na kwa Karimu.

Barua yako na khanga vilifika siku ya tatu ya msiba. Vuai alikuta watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, akabaki ameshika mfuko hajui ampe nani. Bushra tulimzika Alhamisi, tarehe kumi na moja ya mwezi wa saba. Walikuwa wamekwisha kunichukua damu ya kuniandaa, ilikuwa niende asubuhi yake. Homa ikanitangulia. Siku mbili tu. Mwenye jiko lililozimika hana cha kupigania homa.

Siku ya mwisho mikono yake ilikuwa ya moto, nikawa naipepea. Akaniuliza nani wa kumi na nane. Alikuwa anawahesabu wale waliosugua pamba kwa majina, amefika kumi na saba. Nikamwambia ni mshonaji. Akasema, "Sharp," yaani sawa, akalala.

Karimu alipoondoka, siku zake za kibali zilikuwa zimekwisha, sikumpa barua. Ulitaka nikutukane. Sina nguvu hizo. Wala za lile la kwanza, la kusamehe, sina.

Khanga iko.

Zubeda


Ngamiani, Tanga
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Sikuombi unijibu. Tumemsomea khitma, mtaa mzima umekuja. Karimu anaishi hapa lakini chakula anakula gereji. Ninapika sahani yake kila siku, ninafunika, asubuhi ninawapa kuku.

Nipo, kama utataka mtu wa kumwandikia.

Mwanaasha


Bertrams
9 Februari 2025

Dada yangu Mwanaasha,

Assalaam alaykum. Ni kitambo. Natumai magoti yanakubeba. Fahad amepata duka la karibu, anarudi mchana kula. Angélique amepaka saluni rangi ya kijani, mbaya kweli, lakini hatumwambii. Miye nimerudi Newtown. Mwanzoni nilikuwa nikikunja sambusa nahesabu za kumwekea Bushra, sasa nahesabu mara chache.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili, ya Kiingereza. Ni ya Karimu. Ilikuja tarehe tatu ya mwezi wa kwanza, kwa sababu namba yake ya simu ya huku imekufa na anwani aliyoandika ni yangu. Tazama tarehe ya leo, dada. Wiki tano.

Fahad alinisomea. Ni watu wa daftari. Wanasema yuko mgonjwa, hawasemi nani, hawasemi mtoto au mkubwa, na alama zake zinaelekea kufanana na za Karimu. Wanaomba arudi wampime tena kwa uhakika. Gharama za kwenda na kurudi ni juu yao. Fahad akasema mama nimtumie Karimu picha kwa simu, nikamwambia niachie, nitaituma kwa mkono wangu. Nikaitia kwenye begi la shule la Bushra, ile zipu ya ndani, nikalifunga, nikaliweka juu ya kabati.

Miye, niliyekuhukumu kwa mto.

Nikueleze ukweli maana wewe ulinieleza wako. Niliona wivu. Nilimwonea wivu mama nisiyemjua. Kijana niliyemlea kwa titi langu hakumfaa mwanangu, sasa amfae wa mtu? Nikasema na wao wangoje. Thérèse alikuja mlangoni akauliza kama nimeona barua, nikamwambia sijaona, macho makavu kabisa. Alinitazama akaaga.

Juzi nimekutana na Marcellin pale robot, zile taa za barabarani karibu na uwanja, amevaa sare anakwenda kazini. Akavuka kwa ajili yangu. Nikadhani anataka kunipa pole tena. Akaniuliza, "Mama Fahad, ile mate yangu, hakuna mutu aliitaka?" Nikasema sijui. Akasema, "Simu yangu siizimaka siku hizi. Labda wataita." Dada, mtu aliyeogopa kurogwa. Anatembea na simu imewaka anangoja kuitwa, na miye nimemfungia aliyeitwa kwenye begi.

Nilirudi nyumbani nikalishusha. Mlikuwa bado mna penseli yake imetafunwa.

Sasa nisikilize. Siwezi kukuamuru, nimepoteza haki hiyo, na wewe huna mwingine. Kutakuwa na sindano, mifupa itamuuma siku kadhaa. Naweza kukosea nikikuahidi zaidi. Lakini nakumbuka kitu kimoja ambacho wewe hukukiona, ulikuwa na homa. Ulipomleta Karimu, mama mkwe wangu alisema usimnyonyeshe, utamnyima Fahad, maziwa ya mmoja hayatoshi wawili. Wiki ya kwanza niliogopa kweli. Wiki ya pili yakawa yananichuruzika mpaka kiunoni. Kadiri walivyonyonya ndivyo yalivyokuja. Thérèse ananiambia uboho nao ni hivyo, ukichotwa unajirudia. Kwenye mfupa wake na alama nilikosea. Kwenye hili sidhani.

Kuna mama mahali fulani anamsuka mwanawe taratibu asimvilie damu. Miye simjui na simpendi bado. Lakini kila akiingia wodini anaulizwa kama mtu ameshapanda basi.

Mwonyeshe Karimu karatasi. Akikataa mwenyewe, sawa. Lakini aione.

Mdogo wako,
Zubeda


Ngamiani, Tanga
27 Februari 2025

Mdogo wangu Zubeda,

Karatasi nimempa siku ileile, kabla sijamaliza kusoma yako. Aliisoma amesimama, akaenda kupiga ile namba. Jana usiku alikula sahani yake hapa, akaomba nyingine.

Mto nimeuchana wote, usufi umeruka uani mpaka kwa Bi Mayasa, amelalamika. Pasi ilikuwa sandukuni mwake safari hii. Nimeitoa miye, nimemtia mkononi.

Naogopa, Zubeda. Sijaacha kuogopa.

Anafika na barua hii. Ramadhani itakuwa imeingia, siku ya sindano asifunge. Maziwa asubuhi usimpe. Ile khanga ya zambarau, kama hujaigusa, mfunike nayo akilala hospitalini.

Na safari hii wakikuuliza ni mtoto wa nani, waambie nimemzaa miye, umemnyonyesha wewe. Waandike yote mawili.

Dada yako,
Mwanaasha